Kengele Iliyochelewa

Asubuhi nyumbani kwetu ilianza na mngurumo wa cherehani. Binti yangu ni fundi wa nguo, na sare za watoto wa mtaa mzima hupitia mikononi mwake. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshakaa chumba cha mbele, pini amezibana midomoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye nywele. Ukimsalimia, anakujibu kwa nyusi. Mimi nilikuwa jikoni, na mjukuu wangu, msichana wa darasa la sita, alikuwa anazunguka nyumba nzima akitafuta soksi.

"Chapuchapu, umemwamkia babu yako?" nilimuuliza.

"Tayari, Bibi!"

"Umepiga mswaki?"

"Tayari!"

"Mbona mswaki mkavu?"

"Nilikuwa ndiyo naelekea huko, Bibi."

Jina la Chapuchapu alipewa na babu yake, yaani mume wangu. Mtoto huyu, tangu alipoanza kusimama, kila kitu alitaka kiishe upesi ili aanze kingine. Kula chapuchapu, kuoga chapuchapu, kufagia ndiyo usiseme, takataka zote chini ya mkeka.

Babu mwenyewe alikuwa kitandani, chumba cha nyuma. Zamani alikuwa mwashi, na hata nyumba hii aliijenga kwa mikono yake. Kisha kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, kikamchukulia na maneno. Akili kilimwachia. Ukitia chumvi kwenye habari yako alikukonyeza, ujue amekugundua. Kilichobaki na nguvu ni mkono wa kushoto tu.

Mwanzoni tulimwekea kikombe cha bati na kijiko, agonge akihitaji kitu. Lakini cherehani ya umeme ikishaanza kunguruma, kijiko hakisikiki. Mara nyingine alilala kwenye shuka lililolowa mpaka mtu apite mwenyewe. Ukiingia ukamkuta hivyo, alikuwa anaangalia ukuta, hataki macho yenu yakutane.

Chapuchapu ndiye aliyeona haiwezekani kuendelea hivyo. Alikuwa katika klabu ya kompyuta shuleni, na shule ilipopata mashine mpya, yeye akapewa moja ya zile kuukuu. Akaiweka mezani kando ya cherehani. Akapitisha waya juu ya milango hadi kitandani kwa babu yake, na mwisho wa waya akafunga kitufe chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa. Kisha akaandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine. Babu akibonyeza, kengele inalia sikioni kwa mama, na kioo kinaandika: BABU ANAITA.

Siku ya kwanza alibonyeza, binti yangu akaja mbio. Hataki kitu. Akabonyeza tena, nikaja mimi na mwiko mkononi. Hataki kitu. Mara ya tatu tukamkuta anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo unaocheka.

"Huyu mzee anatuchezea," binti yangu akasema, na yeye akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo babu hakulala kwenye shuka lililolowa.

Ingeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Chapuchapu alikuwa na hamu ya kuongeza. Wateja wa mama yake walikuwa wanakuja dirishani na kumkatisha kazi, kwa hiyo akaweka kibodi pale dirishani. Mteja anabonyeza, kompyuta inamuuliza jina na nguo anayoitaka, anaandika, kisha anagusa kitufe cha kumalizia. Maneno yanamfikia mama kwenye kioo, naye anamaliza mshono wake kwanza ndipo anainuka. Watu walisifu. Mwalimu mkuu akasema atakuja kuiona kwa macho yake, na akipendezwa ataipeleka kwenye maonyesho ya shule zote.

Jioni moja, mama yake akiwa ametoka kupeleka sare, rafiki yake wa klabuni, msichana tuliyemwita Miwani, alikuja kucheza. Akasimama dirishani na kuanza kuandika jina la kubuni, "Malkia wa Vifungo," kisha kicheko kikamshika, akaacha katikati. Wakati huo huo Chapuchapu alikuwa kitandani kwa babu yake, akabonyeza kile kitufe chekundu kumwonyesha mwenzake. Kengele haikulia. Akabonyeza tena. Kimya.

"Imekufa?" Miwani aliuliza.

Chapuchapu akaenda dirishani, akatazama kioo, akagusa kitufe cha kumalizia. Papo hapo kengele ikalia.

"Ahaa. Inakusubiri wewe umalize jina lako," akasema taratibu. "Ikimsubiri mtu wa dirishani, haimsikii Babu."

"Sasa mtu akianza kuandika halafu akaondoka?"

"Nani ataanza aondoke? Watu wana akili zao. Ni wewe tu chizi."

"Mwambie mama yako lakini."

"Nikimwambia ataichomoa, na mwalimu mkuu anakuja wiki ijayo. Nitairekebisha. Usiwe na mdomo."

Mazungumzo hayo sisi watu wazima tulikuja kuyajua baadaye, wakati hayasaidii tena.

Haikupita muda. Asubuhi moja Chapuchapu alikuwa shuleni, nami nilikuwa nimekwenda kwenye foleni ya dawa za mzee. Binti yangu alikuwa ameinamia mlima wa sketi, anapinda mapindo, moyo umetulia kwa sababu kengele ipo. Kuna mtoto alitumwa kuchukua sare. Akaandika herufi chache za jina lake, akasikia wenzake wanapiga mpira barabarani, akaondoka mbio.

Niliporudi nilipita moja kwa moja chumba cha nyuma. Nilimkuta mume wangu sakafuni, shavu kwenye saruji aliyoilainisha mwenyewe siku tulipohamia. Shuka lilikuwa limemfuata nusu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeuvuta ule waya mpaka chini, na kidole gumba kilikuwa bado kinabonyeza. Kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza.

Nilipiga ukelele. Binti yangu alikuja na mkasi mkononi, akasimama mlangoni, mkasi ukaanguka.

"Kengele haikulia," akasema. "Mama, haki ya Mungu, kengele haikulia!"

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali. Nyumba ikabaki tupu.

Chapuchapu aliporudi kutoka shule alikuta mlango umeegeshwa, sketi zimetapakaa, na chumba cha babu hakina mtu. Akaenda kwenye kompyuta. Kioo kilikuwa kimeandika: JINA LAKO NANI? Mbele yake, herufi chache za jina lisilomalizika.

Akagusa kitufe cha kumalizia.

Kengele ikalia. Ikalia tena. Ikalia tena. BABU ANAITA. BABU ANAITA. BABU ANAITA. Miito yote ya asubuhi ile kompyuta ilikuwa imeipokea na kuiweka kwenye foleni, ikingoja programu ije kuichukua. Sasa ilikuwa inaitoa, mmoja baada ya mwingine, ndani ya nyumba isiyokuwa na mtu wa kuitika isipokuwa yeye. Alisimama pale na begi mgongoni, akiziba masikio, na bado aliisikia. Mwishowe akaushika waya wa umeme na kuung'oa ukutani. Tuliporudi alikuwa ameshaurudisha, na hakumwambia mtu.

Daktari alizungumza nasi kwa upole. Mfupa wa nyonga umevunjika, na kwa hali ya mzee hawawezi kumpasua. Wakatupa dawa za maumivu, tukarudi naye nyumbani.

Kuanzia hapo cherehani haikunguruma tena. Binti yangu aliifunika kwa kitambaa kama watu wanavyomfunika maiti, akahamishia kiti chake kando ya kitanda cha baba yake. Wateja walipokuja aliwarudishia vitambaa vyao vikiwa havijashonwa.

"Fundi, na sare ya mwanangu je?"

"Mpelekee mwingine. Mimi masikio yangu yameharibika. Hii mashine imeniziba masikio, baba yangu ananiita, sisikii."

Nikamwambia, "Mwanangu, umesema mwenyewe kengele haikulia."

"Nilisema hivyo nijitetee tu, Mama. Chapuchapu ameijaribu, inalia. Si ndiyo, Chapuchapu?"

Chapuchapu alikuwa anamenya viazi. Aliinamisha kichwa. "Inalia," akasema.

Ni kweli ilikuwa inalia. Uongo mwingine ndivyo ulivyo, kila neno lake ni la kweli.

Na babu? Tulimrudishia kitufe chake pale pale penye mkono. Akakisukuma. Kikaning'inia ubavuni mwa kitanda. Nikakirudisha, akakisukuma tena, bila hasira, kama mtu anavyosogeza sahani akishashiba. Kisha akageukia ukuta. Haja zake alizingoja kimya mpaka mtu aje mwenyewe. Hakuwa na imani tena kwamba akiita kuna atakayekuja, na sisi hatukuwa na maneno ya kumrudishia imani hiyo.

Mtoto alikonda tukimwangalia. Ule uharaka wake wote ulikwisha. Sahani ya chakula ilipoa mbele yake. Siku moja baada ya masomo alibaki darasani na mwalimu wa kompyuta, mwanamke mpole lakini asiyedanganyika. Akamweleza yote, tangu kile kicheko cha Miwani mpaka miito ile katika nyumba tupu.

Mwalimu hakumkaripia. Alichukua chaki.

"Kuna namna mbili za kusoma kinachoingia kwenye kompyuta," akasema. "Ya kwanza ni kusoma kwa kusubiri. Programu inasimama kwa mtu mmoja, inasema, 'Siondoki hapa mpaka unijibu.' Asipojibu, kila kitu kinasimama. Ndiyo uliyoitumia. Ya pili ni kusoma bila kusubiri. Programu inauliza dirisha, 'Una neno?' Dirisha likisema, 'Sina,' programu inakwenda kwa babu. 'Una neno?' Kisha inarudi dirishani."

"Lakini, Mwalimu, nilijaribu kitu kama hicho mwanzoni. Ikaniletea ujumbe kwamba hakuna kitu, nikadhani nimekosea, nikafuta."

"Wengi wanadhani hivyo. 'Hakuna kitu kwa sasa' ni jibu kama majibu mengine. Lipokee, uendelee na safari. Na zile herufi chache za mtu aliyeacha katikati, zitunze pembeni mpaka amalize, au zifute akikawia sana."

Waliiandika upya pamoja. Mara ya kwanza mashine ilichemka, feni yake ikavuma kama nyuki, kwa sababu programu ilikuwa inakimbia huku na huku ikiuliza bila kupumua. Mwalimu akamwonyesha amri nyingine, ya kuiambia kompyuta: niache nipumzike, uniamshe mmoja wa hawa wawili akiwa na neno, yeyote yule. Feni ikatulia.

Chapuchapu alipokuwa anafunga begi, mwalimu akamwambia, "La programu tumelimaliza. La mama yako limebaki, na hilo siwezi kukuandikia."

Alitembea taratibu siku hiyo. Alipofika alitukuta wote chumba cha nyuma. Mimi ninamnywesha mzee uji, mama yake anakunja shuka. Akasimama katikati ya chumba na viatu vyake vya shule, kitu ambacho mama yake hakiruhusu.

"Mama, masikio yako hayana kitu."

"Unasemaje?"

"Kengele haikulia. Ulisema kweli. Ilikuwa inamsubiri mtu wa dirishani. Nilikuwa najua inaweza kufanya hivyo. Nilijua kabla Babu hajaanguka, na nikanyamaza kwa sababu ya maonyesho. Halafu nikanyamaza tena."

Binti yangu aliendelea kukunja shuka. Alilikunja mpaka likawa dogo kama leso, hakuna tena pa kukunja. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Umeniona ninavyorudisha vitambaa vya watu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Umenisikia usiku ninavyomwomba babu yako msamaha."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniacha."

Machozi yalimtiririka mtoto mpaka kwenye kola. Mama yake alitoka nje, nikasikia anajimwagia maji usoni, maji mengi, muda mrefu. Chapuchapu akapiga magoti kando ya kitanda.

"Babu, siku ile uliita. Nilikuja kuisikia miito yako yote, lakini ulikuwa umeshapelekwa. Nisamehe, Babu."

Mzee alikuwa ameelekea ukutani. Hakugeuka. Nilimwona tu pumzi inapanda na kushuka mabegani. Nami nilibaki na bakuli la uji mkononi, sikujua nimfariji yupi kwanza.

Mama yake aliporudi, uso umevimba, hakumkumbatia. Alisema, "Haya. Nionyeshe."

Wakaiwasha kompyuta, Chapuchapu akaingiza programu mpya aliyotoka nayo shuleni. Binti yangu mwenyewe alisimama dirishani, akaandika nusu ya jina, akaliacha. Chapuchapu akabonyeza kitufe chekundu. Kengele ikalia hapo hapo, na ile nusu ya jina ikabaki kwenye kioo, haikuzuia kitu. Wakarudia, safari hii herufi moja tu. Ikalia. Wakarudia bila kuandika chochote. Ikalia. Binti yangu akakivuta kitambaa kilichofunika cherehani, akakitazama, akakifanya dasta na kufuta vumbi.

Mwalimu mkuu alipokuja, Chapuchapu alimsimulia mwenyewe kilichotokea. Kwenye maonyesho hakupelekwa, naye hakuuliza.

Mapindo yakarudi, na sare zikarudi. Lakini kitufe cha babu kiliendelea kuning'inia ubavuni. Kila siku kabla ya kwenda shule Chapuchapu alikirudisha penye mkono, na kila alipotoka kilisukumwa. Hakumlazimisha. "Nimekiweka hapa, Babu," anasema, basi. Alikuwa anasema hivyo huku mswaki mdomoni, siku hizi umelowa kweli.

Ikaja Jumamosi moja. Dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, anaandika jina kwa kidole kimoja, herufi moja anaitafuta kama sindano iliyoanguka. Cherehani inanguruma. Mimi ninakanda unga. Chapuchapu anafua soksi uani.

Kengele ikalia.

Sikumbuki nilivyotoka jikoni. Binti yangu alifika na utepe wa kupimia shingoni, Chapuchapu na povu mpaka kwenye viwiko, mimi na unga. Tuligongana mlangoni kama mbuzi. Mzee alikuwa amelala chali, kitufe kiko kifuani, kidole gumba juu yake.

"Unataka maji, Baba?" binti yangu akauliza.

Hakutaka maji.

"Tukugeuze?"

Hakutaka. Alitutazama mmoja mmoja, akarudia tena kutoka mwanzo, taratibu. Alipofika kwa Chapuchapu, akamkonyeza. Kisha akauinua ule mkono wake mmoja, na mtoto akaingia chini yake, povu na vyote.

Hakumaliza msimu ule. Nyonga ilimlaza chini, mapafu yakajaa, akaondoka asubuhi moja sote tukiwa chumbani. Alikuwa ameita, na tulikuwa tumekuja. Nashukuru kwa hilo. Kitanda kilipotolewa nje kupigwa jua, nilishika nguzo ya mlango, nikalia mpaka sauti ikanikauka.

Siku moja baada ya mazishi Chapuchapu alimuuliza mama yake, "Kama ningesema ile siku niliyojua, Babu angekuwepo?"

Nilidhani atamdanganya ili ampoze. Hakumdanganya.

"Sijui, mwanangu. Labda angekuwepo. Sitakwambia hapana."

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu zito, lakini aliliweza.

Baadaye fundi viatu wa mtaa wa pili alikuja. Alisema mama yake mzazi amelala kitandani, hawezi kuinuka, na kwamba alisikia hapa kuna mtoto anatengeneza kengele. Chapuchapu alimtolea kiti.

"Nitakutengenezea, Baba. Lakini kwanza nikwambie inapokosea," akasema. "Umeme ukikatika, hailii kabisa. Waya ukichomoka, hailii, na haitakwambia kwamba haisikii. Kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu aijaribu. Na iliwahi kumwacha babu yangu sakafuni. Tumerekebisha, lakini ujue."

Fundi viatu alishangaa. "Wengine wakiuza kitu husifia kwanza," akasema.

"Asifie nini, na mama yako ndiye atakayebonyeza?" binti yangu akajibu kutoka kwenye cherehani. Akazima mashine, akageuka kumwelekea mtoto wake. "Sikiliza, Chapuchapu. Kukosea kwenye programu hakukuwa dhambi. Ulikuwa unajifunza, na mwalimu yupo. Kosa lililotuumiza ni lile ulilolijua ukalifunika. Ukiona kitu ulichokitengeneza kina kasoro, sema siku hiyo hiyo, hata kama watakunyang'anya, hata kama watakucheka. Mtu anayekitegemea hana njia nyingine ya kujua."

"Ndiyo, Mama," Chapuchapu akasema. Kisha akamgeukia fundi viatu. "Tunaweza kwenda sasa hivi? Nataka nione mkono wake upi una nguvu."